Desibeli za Manang Felicitas

Juni 10

Mvua ya kwanza ya maana imeanza leo, na upumbavu umeanza nayo. Felicitas Gumban wa nyumba ya mkabala, Manang kwetu sote, yaani dada mkubwa, karani mstaafu wa benki, ametoka getini kwake alfajiri akiwa na mwavuli mkono mmoja na simu mkono wa pili. Akainama nyuma ya gari letu, akaielekeza simu kwenye ekzosi kama anampima mtoto homa. Nikashusha kioo.

"Manang, unaipiga picha ekzosi yangu? Imekuvutia?"

"Napima kelele, Nong Gil, kaka mkubwa. Kuna programu ya simu. Mia moja na nne!"

"Mia moja na nne nini?"

"Desibeli! Mwisho ni tisini na tisa, sheria ya mtaa inasema hivyo."

"Na mvua inayopiga huo mwavuli wako, umeitoa kwenye hesabu, au na hiyo nimeileta mimi?"

Mke wangu Adelaida, anayeniita Pangga, mpenzi, tangu tuoane, akanigusa bega. "Twende, Pangga. Tutakuta vitanda vimejaa."

Kila Jumanne na Ijumaa mke wangu anasafishwa damu hospitali, zamu ya kwanza. Figo zake hazifanyi kazi tena. Teksi haziji huku alfajiri, na mvua ikinyesha haziji kabisa. Tuna gari hili la kijani, kuukuu kama mimi, na hatuna lingine. Akikosa zamu mbili mfululizo maji yanampanda mapafuni. Lakini Manang Felicitas anataka kulala.

Miaka thelathini nimekaa mbele ya kipaza sauti cha redio. Mji wote wa Iloilo ulikunywa kahawa ya asubuhi ukinisikiliza mimi. Leo nifundishwe sauti na mtu aliyezoea kuhesabu noti za wenzake!

Juni 12

Mvua. Manang yuko dirishani na simu. Nimempungia mkono kwa adabu zote.

Juni 17

Nimepakua hizo programu nami, tatu kwa mpigo, zote za bure. Nikaiweka simu mezani mbele ya friji. Ya kwanza ikasema friji ina desibeli thelathini na nane. Ya pili ikasema hamsini na mbili. Ya tatu ikasema sabini na moja, kisha ikaniuliza kama nataka mkopo. Simu moja, friji moja, dakika moja. Kwa kifaa hiki ndiyo anataka kuninyang'anya gari.

Adelaida alikuwa anamenya embe. "Sasa ipi inasema kweli?"

"Hakuna. Ni vichezeo vya watu wasio na kazi."

"Basi kwa nini sasa unapima hata kisufuria changu?"

Jioni nikaenda kupima gari. Simu ilikuwa ndani ya kile kifuko cha plastiki cha kuzuia mvua ninachokivaa shingoni tangu Juni mpaka Novemba, kama kila mtu mwenye akili katika mji huu. Ya kwanza: themanini na sita. Nikakanyaga mafuta kidogo: themanini na sita. Namba tulivu, haipandi wala kushuka ovyo. Mbili za mwisho nimezifuta. Hii ya kwanza inaijua kazi yake.

Juni 20

Adelaida kichwa kinamuuma. Nesi anasema ni presha, wagonjwa wengi wa mashine wanaumwa kichwa. Nimemuuliza kama hiyo mashine yao huwa inapimwa. Hakupenda swali.

Juni 24

Themanini na sita.

Juni 29

Baada ya misa Kapteni Rodelio Sumagaysay, mkuu wa mtaa wetu, alinisubiri mlangoni mwa kanisa. Ni mtu wa tabasamu na mafuta ya nywele, amechaguliwa mara tatu kwa kugawa viti vya plastiki misibani. Kazi anayoipenda hasa ni ujaji wa mashindano ya urembo. Kila sikukuu ya mtakatifu, kila mtaa wenye jukwaa, yeye yuko meza ya mbele na kalamu yake, anawapa wasichana alama za mwendo na za majibu.

"Nong, Manang Felicitas ameleta malalamiko. Itabidi mkae mpatane mbele yangu. Ndiyo utaratibu, usinilaumu."

"Nikikataa kupatana?"

"Ukionekana umezidi, gari linafungiwa uwanja wa ofisi ya mtaa mpaka ubadilishe ekzosi. Wiki moja hivi. Mbili."

"Mke wangu nitampeleka hospitali mgongoni?"

"Ndiyo maana nasema mpatane, Nong."

Ekzosi yangu ilichomelewa mwaka jana mwenyewe nikisimamia. Haina tatizo. Nimemwambia hivyo, akasema atapita jioni kutusalimia. Hakupita.

Julai 4

Mvua ya kumwagwa kwa ndoo. Kipoza hewa cha gari kilikufa zamani, wakati wa kiangazi tunafungua vioo na mambo yanakwenda. Leo Adelaida amesema, "Fungua dirisha kidogo, Gil, sipati hewa."

Nikamwambia atalowa, atashikwa na mafua, na mafua kwake si mchezo. Tulipofika alikuwa ameshika kichwa.

"Kinaanza njiani," alisema. "Siyo mashine. Kinaanza huku huku njiani."

Ni wasiwasi. Mtu akijua anakwenda kuchomwa sindano nene kama mrija, kichwa lazima kitangulie kuuma.

Julai 5

Siku ya kupatana. Sitaandika mengi, kalamu yangu ina heshima zake. Manang amekuja na namba zake zote tangu Juni, kila moja na tofauti yake: tisini na nne, mia na tisa, themanini na nane, mia na mbili. Nikamuuliza, "Manang, benki ulikuwa unafunga hesabu hivi? Leo sanduku lina elfu, kesho lina mia tisa, ni sawa tu?"

Watu walicheka. Yeye akawa mwekundu. "Namba sijui, lakini masikio ninayo!"

"Basi tufunge simu, tumuite daktari wa masikio."

Kapteni akapiga meza. Ameamua gari lipimwe hadharani, kwenye uwanja wa mpira wa kikapu ule wenye paa, mvua isituharibie. Kipimo cha kweli hawana. Zitatumika simu. Nilidhani anatania.

Julai 8

Adelaida ametapika ndani ya gari karibu na daraja. Nesi: presha tena. Daktari kijana: chumvi, amekula samaki wa chumvi? Hajala. Nimemwambia daktari kijana ninavyomfikiria.

Julai 11

Kichwa.

Julai 15

Kichwa. Themanini na sita.

Julai 19

Lazima niandike siku hii yote, vinginevyo wajukuu watadhani nilitunga.

Nimefika uwanjani saa tatu, nimekuta karamu. Viti vya plastiki vimepangwa mistari, mke wa Kapteni anagawa tambi za pansit kwenye sahani za karatasi, mashine ya karaoke imewashwa na mzee mmoja anaimba mapenzi huku mvua inapiga mabati juu yetu kama mawe. Nikamuuliza Kapteni kama sauti itapimwa pamoja na mapenzi ya yule mzee. Akaamuru azimwe. Watu wakazomea. Paa hakulizima.

Wapimaji walikuwa wanne: Kapteni mwenyewe, mjumbe wa michezo, Isko mgambo wa getini, na Manang Felicitas, kwa sababu siku hizi mlalamikaji anaruhusiwa kujihukumia. Kila mmoja alikuwa na simu yake na programu yake. Isko na simu ya kioo kilichopasuka, imefungwa mpira. Mjumbe na simu mpya yenye kava la manyoya. Wakapanga mstari nyuma ya gari, umbali wa mkono mmoja, na mkono wa Isko na mkono wa Manang si mkono mmoja.

"Kanyaga, Nong!" mtu akapiga kelele.

Nikakanyaga taratibu, kistaarabu.

"Ah! Kanyaga kama mwanaume!"

Nikakanyaga. Moshi ukajaa uwanjani, watoto wakakohoa. Katikati simu ya mjumbe ikaanza kuimba tangazo la sabuni ya unga, kwa sauti ya juu, yeye anaifinyafinya izime na bado anapima. Isko akatangaza tisini na tano, watu wakaguna, "Eeh." Kapteni tisini na saba, wakapiga makofi kidogo. Mjumbe na sabuni yake mia na moja, wakashangilia. Manang akainua simu juu: mia na saba! Uwanja ukalipuka, watu wakasimama, mmoja akapiga filimbi. Kwa watu hawa namba ni namba. Ikipanda, kama kwenye karaoke, mtu ameimba vizuri. Nadhani wengine walikuwa wananipongeza mimi.

Kapteni akajumlisha kwa kidole hewani. "Mia nne. Gawa kwa nne. Mia moja kamili. Nong Gil, samahani sana, umezidi."

Nilimwona Adelaida kwenye kiti cha nyuma ya wote, kitambaa puani. Wiki mbili bila gari. Nilijua hesabu ya wiki mbili ni nini kwake. Na hapo nikapata wazo ambalo sijui nilipewa na nani, malaika au mwingine.

"Kapteni," nikasema kwa ile sauti yangu ya habari za saa moja, ikafika mpaka nje. "Wewe ni jaji wa heshima. Niambie, umewahi kukaa kwenye mashindano ya urembo yenye majaji wanne?"

Akafikiri. "Hapana. Watano. Isiwe sare."

"Na alama ya juu kabisa na ya chini kabisa mnazifanyaje?"

"Tunazitupa! Ile ya juu huwa ya shangazi wa msichana, ile ya chini ya shangazi wa mpinzani."

"Basi?"

Uso wake ukang'aa. Kwa mara ya kwanza siku ile kitu kilikuwa ndani ya ujuzi wake. Akaitisha jaji wa tano, na kwa kuwa Manang alikuwa na simu yake, haki ilitaka na mimi niweke yangu. Nikampa Isko kifuko changu, simu ikiwa ndani, nikakanyaga. Themanini na sita, kama kawaida yake.

"Tunatupa ya juu, mia na saba," Kapteni alitangaza kwa kipaza sauti cha karaoke, sauti ya jukwaani kabisa, "tunatupa ya chini, themanini na sita. Zilizobaki... tisini na saba na ushee! Gari la kijani limepita!"

Watu wakashangilia kama walivyoshangilia mia na saba. Ilibaki tu waniletee taji na mkanda wa begani. Nikainama kushoto, nikainama kulia.

Manang Felicitas hakupiga kelele. Alinifuata mpaka mlango wa gari, viatu vimejaa maji.

"Nong, simu tuache. Gari hili mwaka jana halikuwa linalia hivi. Limebadilika. Na Adelaida siku hizi akishuka ana rangi ya ukuta."

"Manang, mtu anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki ulitaka awe na rangi gani? Ya waridi?"

Akaondoka. Pansit ilikuwa baridi lakini nimekula sahani mbili.

Julai 20

Nimelala vizuri.

Julai 25

Wananiita Miss Ekzosi sokoni. Na waniite. Gari linatembea.

Julai 29

Adelaida anasema anasikia gari linanguruma mpaka kifuani. Mimi silisikii hivyo. Mimi ndiye niliyeishi kwa masikio katika nyumba hii.

Agosti 5

Alilala njiani. Nilifurahi, nikasema afadhali apumzike. Tulipofika nikamwita, hakuamka. Nikamwita tena, nikamtikisa, nikampiga shavuni, mke wangu wa miaka arobaini na moja, sijawahi kumpiga. Alifumbua macho akaniuliza mimi ni nani.

Manesi wakamkimbiza na kitanda. Nusu saa kwenye hewa ya mitungi na amekuwa mzima, anauliza kama nimefunga mlango wa jikoni. Wamepima sukari, wamepima moyo, wamepima kila kinachopimika, wamenijia na nyuso ndefu: hawajui. Vyuo vyote hivyo na makoti meupe yote hayo, hawajui. Nimepiga kelele kwenye korido mpaka mlinzi akaja kunishika kiwiko. Nimeogopa sana leo.

Agosti 8

Mafuriko mpaka magotini, na gari limegoma kabisa kuwaka. Nilisimama getini na mwavuli kama sanamu, na Adelaida ndani ameshavaa. Mlango wa mkabala ukafunguka.

"Mlete," alisema Manang Felicitas. "Langu liko juu kidogo."

Gari lake linanuka nafthalini. Anaendesha kama anabeba mayai, anasimama kwenye kila taa hata ile ya kijani, anawaita watakatifu wote mmoja mmoja. Mke wangu alikaa mbele naye. Wakaongea njia nzima, juu ya ibos, ule wali wa kunata unaofungwa kwa majani ya mnazi, nani anapika laini na nani anaweka tui jingi, na Adelaida alicheka mara mbili kwa mambo yasiyochekesha. Alishuka mwenyewe, hakunipa mkono. Nimekereka siku nzima. Kumbe kwangu huwa amenuna.

Agosti 12

Fundi alikausha plagi jana, gari limewaka, alfajiri tumekwenda na letu. Mvua, vioo juu. Kufika darajani amesema kichwa. Kufika kituo cha mafuta amesema, pole pole, kama mlevi, "Gil, sioni vizuri pembeni." Nikasimamisha gari katikati ya barabara, nikafungua milango yote minne, mvua ikaingia, watu wakapiga honi. Dakika kumi akaanza kuona.

Kwenye gari la Manang hakuumwa. Ijumaa, njia ile ile, mashine ile ile, sindano ile ile. Hata mimi mwisho wa mwisho nililiona.

Nimemwacha hospitali, nikarudi nyumbani nikang'oa kapeti la mbele. Chini ya miguu yake bati limeliwa na kutu, tundu linapitisha ngumi, na pembeni yote masizi. Nikalala chini kwenye tope. Ile sehemu ya ekzosi iliyochomelewa mwaka jana, mwenyewe nikisimamia, imeachia. Moshi wote ulikuwa unapanda kwenye magoti ya mke wangu, na mimi nafunga vioo asipate mafua.

Kisha nikakumbuka kifuko kilichokuwa shingoni. Nikawasha gari: themanini na sita. Nikachukua sufuria ya wali na mwiko wa chuma, nikapiga mbele ya simu kwa nguvu zangu zote: themanini na sita. Nikainama, nikapiga kelele kwa sauti yote niliyonayo, ile iliyoamsha mkoa, mpaka mbwa wa Isko wakajibu. Themanini na sita. Plastiki na hicho kipaza sauti cha ukubwa wa punje ya mchele, hapo ndipo mwisho wao, hata mbingu zikidondoka. Gari limekuwa likipiga kelele zaidi kila wiki tangu Juni, mtaa mzima umesikia. Nilikuwa nacheka namba zao zinazoruka, na yangu isiyoruka ndiyo nikaiamini. Nikatoa mwenyewe masikio yangu kwenye hesabu, kwa kuwa ni mabovu, ndiyo, ni mabovu, vile visikilizi vya redio vimeyala na sikutaka mtu ajue.

Daktari kijana nimempigia simu nikamweleza. Akasema damu ya Adelaida ni chache, moshi kidogo tu unamtosha. Akasema, "Mzee, ingekuwa Ijumaa nyingine moja..." akaiacha hapo. Nilimtukana Julai. Leo alikuwa na haki ya kunimalizia sentensi na hakunimalizia.

Agosti 13

Nimevuka barabara. Manang alifungua mlango na miwani juu ya kichwa, simu mkononi.

"Umekuja kupima friji yangu?"

"Nimekuja kuomba lifti. Kesho kutwa. Na Jumanne. Mpaka gari lipone."

"Kwani limefanyaje? Si lilishinda taji?"

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama kwenye mvua, hakuniambia niingie. Nikamwambia simu yake nayo ni takataka, namba zake hazikuwa na maana yoyote, zilipanda na kushuka kama bei ya vitunguu, ila kile alichosema mlangoni mwa gari kilikuwa kweli na mimi nilimtukana. Nilimwambia nimekosa. Sijui mara ya mwisho nililitamka neno hilo lini, halikutoka kirahisi.

Alinitazama sana. "Saa kumi na nusu. Uchelewe, nakuacha."

Mwanamke ana moyo mgumu kama kaunta.

Agosti 15

Nimekaa nyuma, magoti kidevuni, nafthalini puani. Wao mbele. Mvua ilikuwa kubwa, na Manang alifungua kioo kidogo upande wa Adelaida bila kuombwa. Karibu na daraja nilishindwa kuvumilia.

"Adelaida. Kichwa?"

"Hakiniumi."

"Kweli?"

"Hakiniumi, Gil."

Nikamwambia mbele ya Manang, kwa kuwa nisingeweza kumwambia tukiwa wawili: kwamba nilikuwa namuua pole pole, Jumanne na Ijumaa, na vioo vimefungwa. Kwamba angetakiwa kunipigia kelele.

Hakugeuka nyuma. Alikuwa anatazama mvua kwenye kioo.

"Nilikwambia kinaanza njiani," alisema. "Nilikwambia kila wiki, Pangga. Tatizo mimi sina programu."

Manang Felicitas alicheka mpaka akapita njia ya kuingilia hospitali, ikabidi tuzunguke.